Ufa na Mwenye Nyumba: Sili za Shokapu katika Milima ya Mgeta

Pikipiki inayovuja shokapu haisimami njiani, na ubaya wake wote unaanzia hapo. Mnyororo ukikatika, safari imekwisha. Tairi likipasuka, dereva atatafuta kiraka kabla jua halijazama, kwa sababu bila tairi hakuna hela. Sili ya shokapu ya mbele haina ukali huo. Ni kipete cha mpira kinachoenea kwenye kiganja, na kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke ndani ya mguu wa shokapu na uchafu usiingie. Ikichoka hutoa onyo moja tu: utando wa mafuta kwenye bomba linalong'aa, ambao vumbi huudaka na kuugeuza tope jeusi. Dereva anafuta kwa kitambaa, anawasha chombo, anaondoka. Kesho anafuta tena. Baada ya wiki kadhaa hafuti, kwa kuwa mikono yake imekwisha kuzoea usukani unaorukaruka, na kitu kilichozoeleka huacha kuitwa ubovu. Hoja ya makala haya ni kwamba mazoea hayo hayaletwi na uzembe wa vijana wa bodaboda, wala hayaletwi na umaskini peke yake. Yanaletwa na mpangilio ambao anayeuona uvujaji si mwenye mali, mwenye mali hauoni, na atakayeumia mara nyingi ni mtu wa tatu aliyekaa nyuma akiwa na nauli yake mkononi. Mpangilio huo usipoguswa, mahubiri yote juu ya matengenezo yatapita hewani.

Mgeta panafaa kulipimia jambo hili, kwa sababu milima ya huko haimpi mtu nafasi ya kujidanganya. Tarafa hiyo ya Wilaya ya Mvomero iko upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka mjini Morogoro hufuata barabara kuu ya Iringa, hukata kushoto Sangasanga kuelekea Mlali, kisha huanza kupanda kwenda Langali, Nyandira na Tchenzema. Huko juu hulimwa kabichi, karoti, njegere, viazi, na matunda ya baridi kama mapichi, na walaji wake wako Morogoro na Dar es Salaam. Tazama sasa mwelekeo wa mizigo. Kinachopanda ni mbolea, dawa za kupulizia, sabuni na sukari. Kinachoshuka ni mavuno, tena mara nyingi kwenye magunia ya lumbesa yaliyojazwa kupita kipimo. Lori la Fuso hungoja barabarani, lakini haliingii kwenye kila kishoroba cha mlimani, hivyo sehemu ya kwanza ya safari ni ya kichwa cha binadamu au ya pikipiki. Kutoka Nyandira hadi Mlali peke yake njia hushuka karibu mita 1,000. Katika mteremko wa namna hiyo, kila dereva anapokamata breki, uzito wote, wake, wa abiria na wa gunia, husogea mbele na kuilalia shokapu. Uchumi wa Mgeta hushuka mlima ukiwa umeegemea miguu miwili ya chuma yenye mafuta ndani.

Ndani ya kila mguu kuna springi na kuna mafuta, na kazi zao hazifanani. Springi hulipokea pigo la shimo kwa kujikunja, lakini hailimezi. Inaliweka akiba, halafu inalirudisha. Yanayolimeza ni mafuta: yanaposukumwa kupita kwenye matundu madogo ya fimbo ya ndani, nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto na kuishia humohumo. Kwenye pikipiki ndogo, zile za kati ya cc 100 na 150 zinazobeba watu na mizigo vijijini, kila mguu kwa kawaida huchukua mafuta yasiyofika robo lita. Kiasi hicho ni kidogo mno, hata kikipungua kidogo tu chombo hubadilika tabia. Sili ikiyaachia, inabaki springi tupu. Tairi likiingia shimoni linarushwa juu, likitua linarushwa tena, na katika kila mruko kuna muda ambao mpira haugusi ardhi. Tairi lisilogusa ardhi halifungi breki wala halifuati usukani. Dereva anaweza kuwa hodari kuliko wote kijiweni, lakini hodari naye anahitaji tairi liwe chini ndipo ustadi wake ufanye kazi. Pikipiki ikiwa na breki ya diski mbele kuna hatari ya pili: mafuta yanayotiririka kwenye mguu hufika kwenye diski na pedi, na pedi zilizolowa mafuta hazishiki. Mteremko uleule uliokuwa ukihitaji breki zaidi ndio unaozikuta zimepungua.

Teknolojia hii si ngeni, na historia yake ina somo. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani iliuza pikipiki aina ya R12, ambayo miguu yake ya mbele iliingiana na kutulizwa kwa mafuta, na ndio mtindo ambao dunia nzima iliufuata. Sili za mafuta nazo zilikuwa zikikua kipindi hichohicho nchini humo katika kampuni ya Freudenberg, iliyokuwa imeanza kama kiwanda cha kusindika ngozi. Sili zake za kwanza zilikuwa za ngozi, kabla ya mpira wa viwandani kuchukua nafasi. Ngozi au mpira, kanuni ni moja: mdomo laini unakwangua chuma kilicholainishwa, maelfu ya mara kwa siku, na kati ya viwili hivyo kinachopaswa kulika ni kile cha bei ndogo. Sili imetengenezwa ife ili bomba lisife. Kuchakaa kwake hakupaswi kumshangaza mtu. Ni sehemu ya kutumia chombo, sawa na kuisha kwa tairi na kwa oili ya injini. Jambo hilo ni zito katika hoja yangu, kwa sababu gharama inayojulikana tangu siku ya kununua pikipiki haiwezi kuitwa bahati mbaya inapofika, wala haiwezi kutupiwa yule aliyekuwa ameshika usukani siku ilipofika.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo ushahidi ulimo. Fundi anaiinua pikipiki mbele kwa kuweka gogo chini ya injini, anafungua breki, tairi na madigadi, kisha analegeza boliti za vishikio vya juu na kuuvuta mguu wa shokapu chini. Kifuniko hufunguliwa taratibu, maana springi iliyobanwa inasukuma. Mafuta yanamwagwa kwenye bakuli, na hapo chombo huanza kusema. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yakiwa na unga unaometameta, vyuma vinasagana ndani. Boliti ya chini, iliyojificha ndani ya tundu upande wa ekseli, ina tabia ya kuzunguka pamoja na fimbo ya ndani bila kufunguka, na fundi asiye na subira huharibu kichwa chake. Unafuata mpira wa vumbi, halafu pete ya waya inayoibana sili, ambayo kwenye pikipiki ya zamani huwa imeng'ang'aniwa na kutu hata ikavunjika ikitolewa. Sili yenyewe hung'olewa kwa bisibisi pana iliyovikwa kitambaa, ili kiti chake kisichubuke. Ukiibonyeza iliyozeeka kwa kidole, hairudi: mpira umekauka, mdomo umelika, na kile kispringi chembamba kinachouzunguka kimelegea. Watu wengi hudhani kazi imefika mwisho hapo, kwamba imebaki kuweka mpya na kufunga. Kumbe hatua inayoamua kila kitu ndiyo inayofuata: kupitisha ukucha juu ya bomba la ndani, polepole, kutoka kichwani hadi chini, pande zote.

Ukucha ukikwama, sili mpya haitakaa. Bomba limepakwa kromiamu, na mahali ambapo jiwe limeichubua au kutu imeitoboa hubaki kingo ndogo zinazoutafuna mdomo wa mpira kila shokapu inapopanda na kushuka. Madoa machache husawazishwa kwa msasa laini wa maji, na yakizidi, bomba ni la kubadilisha. Bomba lililopinda nalo huisukuma sili upande mmoja mpaka ilike, na kuligundua hakuhitaji mashine, linaviringishwa tu juu ya kioo kinene na kutazamwa kama linayumba. Baada ya hapo kuna mambo yasiyo na gharama kubwa lakini yenye uzito: kubadilisha pande zote mbili kwa pamoja, kufunika ncha ya bomba kwa kipande cha nailoni ili mdomo wa sili usichanike unapopita, kuisukuma sili sawasawa kwa bomba lenye upana wake badala ya kuigonga kwa ncha ya nyundo, na kupima mafuta yalingane kulia na kushoto. Mafuta ya breki yasitumike humo, kwa kuwa huuharibu mpira wa kawaida wa sili, na oili chafu ya injini hubeba unga wa chuma. Sili mpya ikianza kuvuja mapema, husemwa kuwa ni feki. Feki zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi sili inalaumiwa kwa kosa la bomba, na bomba liliachwa kwa sababu aliyekuwa akilipa siku hiyo alikuwa na hela ya sili tu.

Swali basi ni nani aliyekuwa akilipa siku hiyo. Wahenga walituachia methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna makala ya matengenezo isiyoitaja. Ni ya kweli, lakini ina sharti lililofichika: inamdhania anayeuona ufa kuwa ndiye mwenye nyumba, na kwamba ukuta ukianguka ataujenga yeye. Katika biashara ya bodaboda sharti hilo mara nyingi halipo. Tajiri, kama mwenye pikipiki anavyoitwa, ananunua chombo na kumkabidhi dereva. Dereva anapeleka hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, kila siku au kila wiki, ananunua petroli, na kinachobaki ni chake. Kuhusu ubovu, kuna makubaliano yasiyoandikwa kwamba matengenezo madogo ni ya dereva na makubwa ni ya tajiri. Kwa vitendo, dogo ni lile ambalo chombo kinaweza kutembea nalo, na kubwa ni lile linalokisimamisha. Sili inadondokea katikati ya mipaka hiyo miwili. Dereva akiibadilisha, anatoa hela yake kwa mali ya mwenzake, anapoteza saa za kazi pikipiki ikiwa gereji, na hesabu ya siku hiyo inamsubiri palepale. Asipoibadilisha, hakuna anayemuuliza. Tajiri, ambaye huenda anaishi Morogoro mjini, anaona fedha ikiingia na haoni mafuta yakitoka. Kila mmoja anafuata hesabu zake vizuri, na jumla ya hesabu zao ni shokapu isiyo na mafuta kwenye mteremko.

Milima ya Uluguru imewahi kutupa ushahidi wa jambo hili, tena katika suala kubwa kuliko pikipiki. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kupewa shamba alilime, lakini kupanda mazao ya kudumu, hasa miti, kulikuwa jambo jingine, kwa sababu mti unabaki na unadai. Matokeo yake yanaeleweka: aliyeazimwa ardhi hakuwekeza kitu ambacho faida yake ingemfikia mwingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakazi wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, mara nyingi ilifukia udongo wenye rutuba na kufukua usio nayo, na mkulima hakuuona mrejesho wake kwenye chungu. Mwaka 1955 upinzani ulifikia vurugu, na mpango ule ukafa. Wakubwa wa wakati huo waliweza kusema kwamba Mluguru hapendi kutunza. Lakini Mgeta, ambako mboga zilileta fedha kwa yule yule aliyeshika jembe, ngazi zilichimbwa na kutunzwa bila askari kusimama juu ya mtu. Milima ileile, watu walewale. Kilichotofautiana ni kama jasho na faida vilikutana kwa mtu mmoja. Ndiyo sababu siridhiki nikisikia dereva wa bodaboda akiitwa mzembe. Kabla ya kumpima tabia, tupime kwanza kama tumempa sababu ya kutunza.

Atajibu mtu kwamba hayo ni maneno ya kuzunguka, kwamba tatizo ni hela tu: dereva hana, na matajiri wengi nao ni walimu, wauza duka na wakulima waliokopa. Ugumu wa maisha siupuuzi. Lakini jozi ya sili pamoja na mafuta yake haifiki bei ya tairi jipya la mbele, na tairi hununuliwa. Linanunuliwa na watu walewale wasio na hela, katika vijiji vilevile, kwa sababu lisiponunuliwa pikipiki inalala. Kwa hiyo uhaba wa fedha hauelezi kwa nini kimoja kinanunuliwa na kingine kinaachwa. Kinachoeleza ni foleni: fedha kidogo huenda kwanza kwa kile kinachositisha mapato, na kile kinachohatarisha maisha bila kusitisha mapato husubiri. Foleni hiyo haiwezi kubadilishwa na dereva anayeishi kwa kinachobaki baada ya hesabu. Inaweza kubadilishwa na yule anayeipanga hesabu. Tena umaskini wenyewe unadai sili ibadilishwe mapema, maana inayoachwa huingiza uchafu, uchafu hukwangua bomba, na bomba ni ghali kuliko sili mara nyingi. Maskini ndiye asiyemudu kabisa kununua bomba.

Hoja ya pili ni ya barabara, na ina nguvu zaidi. Kuna faida gani, watauliza, kuweka sili mpya kwenye njia ya mawe, vumbi la kiangazi na tope la masika, ambako zitakufa tena? Nakubali kwamba Mgeta sili haiwezi kuishi kama inavyoishi kwenye lami. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mashimo yenyewe si muuaji mkuu wa sili. Muuaji mkuu ni uchafu uliokauka juu ya bomba na kuingizwa ndani shokapu inaposhuka, na huo una dawa: mpira wa vumbi ulio mzima, soksi za mpira za kulifunika bomba pale zinapopatikana, na kitambaa chenye maji kupitishwa kila jioni kabla tope halijawa gumu. Isitoshe, hoja ya barabara inajipinga yenyewe. Kwenye lami iliyonyooka shokapu iliyochoka ni kero. Kwenye mteremko wa mawe ndiyo tofauti kati ya tairi linaloshika ardhi na lisiloshika. Ubovu wa njia hauwezi kuwa sababu ya kuacha kile hasa kilichobuniwa kwa ajili ya njia mbovu. Tuendelee kuzidai wakala za barabara, TARURA na TANROADS, barabara nzuri, kwa sauti na kwa haki. Lakini mkulima wa Nyandira atashuka kesho asubuhi, kwa njia iliyopo kesho asubuhi.

Hoja ya tatu ni ya matajiri, nami naiona ndiyo ngumu kuliko zote. Wanasema: nikikubali kulipia shokapu, dereva hataijali. Ataruka matuta, atapakia abiria mishikaki, atabebesha gunia juu ya gunia, akijua mimi ndiye nitakayelipa. Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa mtu asiyelipa anaweza kweli kuharibu. Hata hivyo, katika jambo hili chombo chenyewe ni shahidi mwaminifu. Mpira uliokauka kwa umri na mdomo uliolika sawasawa pande zote ni uchakavu, na uchakavu ni wa mwenye mali. Bomba lililopinda ni kishindo, na kishindo kina siku yake na mtu wake. Mikwaruzo iliyojaa sehemu ya chini ya bomba huku mpira wa vumbi ukiwa umeachwa umechanika ni kutosafisha, na dereva anaweza kuulizwa. Fundi anayeufungua mguu wa shokapu mbele ya wote wawili anaweza kuonyesha kwa kidole kipi ni kipi. Kwa hiyo tajiri haombwi kulipa kila kitu kwa macho yaliyofumbwa. Anaombwa alipe kilichochakaa, na dereva awajibike kwa kilichovunjwa. Mgawanyo huo ni wa haki kuliko uliopo sasa, ambao unauliza tu kama chombo kimesimama au hakijasimama.

Wengine watataka kazi hii ifanywe na serikali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitaki chombo kibovu barabarani, na tangu kanuni za mwaka 2010 pikipiki za kubeba abiria zimo ndani ya utaratibu wa leseni za usafirishaji, ambao sasa uko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Sheria ni muhimu, lakini askari anaposimamisha bodaboda hutazama kofia ngumu, leseni na bima, na ni nadra kuinama kutazama bomba la shokapu. Tena vijia vya milimani si mahali anapokaa askari kila siku. Upande wa mafundi, serikali ina jambo la maana zaidi la kufanya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye chuo chake Kihonda mjini Morogoro, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza gereji bila cheti. Fundi wa kijijini anayejua kupima bomba kabla ya kufunga sili analinda watu wengi kuliko kibao cha barabarani, na utaratibu huo ungepaswa kumfikia alipo. Lakini hata fundi bora atafanya kazi nusu akilipwa nusu. Tunarudi palepale: anayelipa.

Wapo pia madereva wa mkataba, wanaolipa kwa muda waliokubaliana mpaka pikipiki iwe yao. Kwao sharti la ile methali linaanza kutimia, kwa kuwa wanatunza kitu watakachokirithi. Hata hivyo marejesho ya kila siku hubana vilevile, na mara nyingi chombo huwafikia mikononi kikiwa tayari kimezeeka: mpira umekauka, kromiamu imetoboka, na gharama zote zilizoahirishwa zinamngoja mmiliki mpya. Hivyo ndivyo inavyokuwa pia kwa pikipiki iliyochokea mjini na kuuzwa vijijini. Anayeinunua kwa bei ndogo ananunua pamoja nayo sili ambazo wenzake hawakubadilisha. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa shokapu unapaswa kuwa sehemu ya makabidhiano yoyote, iwe ni kuuza, kuazima au kuingia mkataba. Ukaguzi wenyewe hauchukui muda: kamata breki ya mbele, bonyeza usukani chini kwa uzito wote mara kadhaa, sikiliza kama chuma kinagonga chuma, tazama kama inarudi kwa utulivu au inaruka, halafu tazama bomba kama limelowa.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili wala semina. Kwenye makubaliano ya tajiri na dereva, hata yakiwa ya mdomo mbele ya shahidi, yaongezwe mambo matatu. Kwanza, sili, mafuta ya shokapu na mabomba yaliyolika ni vya mwenye pikipiki, na sehemu ndogo ya kila hesabu itengwe kwa ajili hiyo, iandikwe kwenye daftari na wote wawili waione. Pili, siku ya gereji kwa matengenezo yaliyokubaliwa haina hesabu. Sharti hili ni zito kuliko la kwanza, maana ndilo linaloondoa adhabu ya kuwa mkweli: leo dereva anayetoa taarifa ya uvujaji anajikata riziki, na anayekaa kimya analipwa. Tatu, dereva asafishe mabomba kila jioni na aseme siku ileile anapoona mafuta, na akinyamaza mpaka bomba likwanguke, achangie gharama yake. Vyama vya bodaboda kwenye vijiwe vinaweza kuyafanya mambo haya kuwa desturi, kwa sababu tajiri mmoja akikataa, madereva wote wa kijiwe wana sauti ambayo mmoja wao hana.

Kwako wewe mwenye pikipiki, popote ulipo: kabla ya kupokea hesabu ijayo, mwambie dereva wako alete chombo, uiname na upitishe kidole kwenye bomba la shokapu. Kikitoka na mafuta, hilo ni deni lako, si lake. Lilipe kabla gunia jingine la kabichi, au mama aliyebeba mtoto mgongoni, hajapanda nyuma kushuka Mlali.